Dogo ana PCM, anataka uhandisi: chagua kozi kwanza, jina la chuo baadaye

Mkuu, umeuliza hivi: dogo katoka na Fizikia B, Hisabati B, Kemia C, anataka uhandisi ujenzi, aende UDSM, DIT, MUST Mbeya au chuo binafsi kilicho karibu na nyumbani. Wengi humu wanakujibu kwa ushabiki wa Simba na Yanga. Mimi naanzia kwenye pointi, maana ndipo watu wanapochanganya.

NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wanahesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, kwa hiyo dogo ana divisheni wani ya 7. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanahesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa uhandisi ujenzi masomo yanayobeba ni Fizikia na Hisabati, hivyo kwa TCU ana 8. Chukua kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huu, si cha jirani cha mwaka juzi, usome mstari wa kozi hadi mwisho: masharti, pointi za chini, idadi ya nafasi, miaka. Safu ya nafasi ndiyo inayorukwa. Kufikisha pointi za chini kunakupa haki ya kuomba tu. Nafasi zikiwa chache na waombaji wengi, wanachukuliwa wa juu, na dogo mwenye sifa kamili anabaki nje akishangaa.

Pili, ERB, yaani Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bila usajili wao hawezi kufanya kazi kama mhandisi kisheria, hata cheti kiwe kinang'aa vipi. Chuo kutambuliwa na TCU hakutoshi. Waulize ERB wenyewe, kwa jina kamili la shahada kama lilivyoandikwa kwenye mwongozo: mhitimu wake anasajiliwa daraja gani? Uhandisi wa kompyuta na sayansi ya kompyuta, kwa mfano, si kitu kimoja mbele ya bodi. Akimaliza miaka 4 anasajiliwa kama mhandisi mhitimu, kisha kuna miaka 3 ya kazi chini ya usimamizi, ule mpango wa SEAP, ndipo aombe uhandisi mtaalamu.

Sasa karakana na maabara. Hapa ndipo ningetumia nauli. Nenda siku ya kazi wakati muhula unaendelea, siku ya maonyesho kila kitu kimepakwa rangi. Kwenye maabara ya ujenzi ulizia mashine ya kuvunjia michemraba ya zege. Angalia kibandiko cha urekebishaji wa vipimo na tarehe yake. Angalia kama kwenye beseni la maji kuna michemraba ya milimita 150 iliyoandikwa tarehe, ikisubiri kuvunjwa siku ya 7 na ya 28. Beseni kavu lenye vumbi maana yake wanafunzi wanasoma zege ubaoni. Kwenye karakana ya mitambo tazama chini ya mashine za kukereza: kukiwa na chenga za chuma na mafuta, mashine zinafanya kazi. Kisha muulize fundi sanifu wa maabara, si ofisa udahili, wanafunzi wangapi wanakaa meza moja. Wakiwa kumi, mmoja anashika kifaa na tisa wananakili namba zake kwenye ripoti.

Kuna chuo binafsi kinachofaulu mtihani huu na cha serikali kinachofeli, kwa hiyo usikitupe hicho cha karibu kabla hujakiona.

PT, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, nayo iulizie: ni wiki ngapi, nani anatafuta nafasi, na je, mwalimu anafika saiti kukagua? Dar ina saiti na makampuni mengi, ila wanaozigombea ni wengi pia. Mbeya ushindani ni mdogo, lakini nafasi itabidi aitafute mapema.

Dogo akiwa hajaganda kwenye ujenzi, mwambie atazame vyuo vyenye fani zao: NIT kwa magari, SUA kwa uhandisi kilimo, UDSM kwa kemikali, ambako Kemia yake itamsaidia.

Gharama usihesabu ada peke yake. Kuna chumba, bima ya afya, ile 20,000 ya TCU kila mwaka, viatu vya usalama, kalkuleta na laptopu. Laptopu iwe ya Windows, RAM GB 16 kama mfuko unaruhusu, 8 ndiyo mwisho wa kushuka. Chromebook usinunue kabisa, na Mac itamsumbua kwa sababu programu kama Civil 3D ni za Windows tu. Leseni ya AutoCAD asinunue wala asiibe, Autodesk wanampa mwanafunzi bure akithibitisha kwamba amesajiliwa chuoni.

Aombe vyuo kama vitatu awamu ya kwanza, moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo. Akichaguliwa zaidi ya kimoja atatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu ndani ya muda uliotangazwa. Namba ya simu aliyojaza iwe yake na iwe hewani, si ya yule kijana wa stationery aliyemjazia fomu.