Theluthi mbili ya kipeo: kwa nini 64 inazaa 16?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kitabu changu kinasema 64^(2/3) = 16 (alama ^ inaonyesha kipeo). Mimi nikitafuta theluthi mbili ya 64 napata 42.67, na kikokotoo kimenipa 1365.33. Hiyo 16 inatoka wapi, na vipeuo vinaingiaje hapo?

Jibu: Marahaba. Umefanya vizuri kutaja majibu yote mawili, maana kila moja lina kosa lake.

La kikokotoo ni jepesi. Ulibonyeza 64^2/3 bila mabano. Kipeo hutangulia kugawanya, kwa hiyo kilikokotoa 64^2, yaani 4096, kisha kikagawanya kwa 3. Funga sehemu yote, yaani 2/3, ndani ya mabano, utapata 16.

Hiyo 42.67 ndiyo inayohitaji subira. Umeigawa 64 kana kwamba imejengwa kwa kujumlisha, ilhali vipeo vinahusu kuzidisha. Jiulize: ni namba gani ikizidishwa yenyewe mara tatu inaleta 64? Ni 4, kwa kuwa 4 × 4 × 4 = 64. Hapo 64 imegawanyika katika vipande vitatu vilivyo sawa, ila vimeunganishwa kwa kuzidisha. Kipande kimoja, yaani 4, ndicho kipeuo cha tatu cha 64, na huandikwa 64^(1/3). Ukichukua viwili kati ya vitatu, una 4 × 4, yaani 16.

Kwa nini 1/3 iwe kipeuo cha tatu na si kitu kingine? Unaijua kanuni ya kujumlisha vipeo: 5^2 × 5^3 = 5^5. Tukitaka kanuni hiyo iendelee kufanya kazi hata kwa sehemu, basi 64^(1/3) × 64^(1/3) × 64^(1/3) lazima iwe 64^1, kwa sababu 1/3 + 1/3 + 1/3 = 1. Namba chanya inayotimiza sharti hilo ni moja tu. Napenda sana hatua hii: kanuni ndogo ya kuhesabu mara za kuzidisha inatulazimisha kufika kwenye vipeuo.

Kwa hiyo asili ya sehemu (namba ya chini) inakwambia utafute kipeuo cha ngapi, na kiasi chake (namba ya juu) kinakwambia upandishe kwa kipeo gani. Anza na kipeuo kila inapowezekana. Kwa 32^(3/5), kipeuo cha tano cha 32 ni 2, na 2^3 ni 8. Ukianza na 32^3 utakutana na 32768 na kuhangaika bure. Kipeo kikiwa hasi, pindua jibu: 64^(-2/3) = 1/16.

Sasa tahadhari ambayo wengi huiruka. Namba inayopandishwa ikiwa hasi, kanuni hizi zinaweza kukuangusha. Kipeuo cha tatu cha -8 ni -2. Lakini 1/3 ni sawa na 2/6. Ukipandisha -8 kwa 2 unapata 64, na kipeuo cha sita cha 64 ni 2. Sehemu ni ileile, majibu mawili! Ndiyo maana vitabu vingi huweka sharti kwamba namba hiyo iwe chanya, na baadhi ya vikokotoo hukataa kabisa kukokotoa (-8)^(1/3). Usidhani kimeharibika.

Jambo la karibu na hilo: 16^(1/2) ni 4 tu. Mlinganyo x^2 = 16 ndio wenye majawabu mawili, 4 na -4.

Weka kikokotoo kando ujaribu 81^(3/4), kisha 16^(-3/4). Ukipata 27 na 1/8, endelea na zoezi la kitabuni. Ukipata tofauti, niandikie hatua zako zote, si jibu peke yake.