Kwa anayeanza modeli za milipuko: rejista kwanza, milinganyo baadaye

Ukipangiwa kufuatilia mlipuko wa ugonjwa mkoani Tanga, usikimbilie kompyuta. Fungua rejista. Kila mgonjwa ana tarehe mbili: siku dalili zilipoanza na siku alipoandikishwa kituoni. Wageni wa kazi hii huchukua ya pili kwa kuwa ndiyo iliyojazwa vizuri. Mtu wa kijijini Pangani aliyekaa siku nne akisubiri nafuu au nauli ataonekana ameugua jana, na kilele utakachokiona Jumatatu kitakuwa cha ratiba ya kituo, si cha maambukizi. Tarehe ya dalili ikikosekana, mwombe mhudumu wa afya wa jamii arudi akaulize. Usiikisie.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Mkia wa mchoro wa wagonjwa kwa siku, yaani siku zake za mwisho, hushuka hata mlipuko ukiwa unapanda, maana walioanza kuumwa juzi bado hawajafika kituoni. Kama tisa kati ya kumi hufika ndani ya siku 4, ziondoe siku 4 za mwisho kabla ya kukokotoa chochote. Kambi ya matibabu ikifungwa kwa kuamini mkia huo, watu watakufa.

Sasa hesabu. Chukua logi asilia ya wagonjwa wapya wa kila siku. Nukta zikijipanga kwenye mstari, mwinuko wake ndio kasi ya ukuaji. Wagonjwa wakiongezeka maradufu kila baada ya siku 5, kasi ni 0.693 (logi asilia ya 2) ÷ 5, yaani 0.14 kwa siku. Kwa ugonjwa ambao mtu huambukiza wengine kwa wastani wa siku 7, modeli ya makundi matatu (wasio na kinga, wanaoambukiza, waliopona) inatoa R, idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza kwa wastani, = 1 + 0.14 × 7, karibu 2. Lakini ukisahau kwamba aliyeambukizwa hukaa, tuseme, siku 3 kabla hajaanza kuambukiza wengine, umekosea pakubwa: zidisha R hiyo kwa 1 + 0.14 × 3, upate 2.8. Sehemu ya watu wanaohitaji kinga ili mlipuko ukome, 1 − 1/R, kinaruka kutoka asilimia 50 hadi 64. Kwa mji kama Tanga, hayo ni maelfu ya dozi.

Rudia hesabu hiyo kwa siku 5 na kwa siku 9 za kuambukiza. Utapata asilimia 59 na 69. Mganga mkuu wa wilaya umpelekee namba hizo mbili, ya chini na ya juu, si namba moja iliyopambwa kwa desimali.

Kipindupindu hakitoshi kwenye makundi matatu, kwa sababu bakteria wake hupitia pia kwenye maji. Ongeza kundi la nne, maji yenyewe: wagonjwa wanayachafua, nayo yanaambukiza wengine. Kumbuka pia kwamba wengi walioambukizwa hawaonyeshi dalili, kwa hiyo rejista ni sehemu tu ya waliomo kwenye modeli.

Kundi hilo la maji ndilo linalokuonyesha klorini inafanya nini. Pima mabaki yake kisimani: angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30. Kisha subiri. Dalili huanza kati ya saa 12 na siku 5 tangu mtu kuambukizwa, kwa hiyo kisima kilichotibiwa leo kitaendelea kutoa wagonjwa karibu wiki nzima, na anayeamua siku ya pili kwamba klorini imeshindwa atakuwa anawahesabu waliokunywa kabla haijatiwa.