Wageni 200, Mfuko Mwembamba

SWALI: Namuoza binti yangu Agosti, uwanjani kwetu Likoni. Wageni 200. Nikodi nini, niache nini? – Mama Harusi

JIBU: Hongera, mama. Anza na viti na meza, ndivyo vinavyomeza pesa. Watu wakila chini wanne wanne, wataka sinia 50 na majamvi. Viti 40 vya wazee vyatosha.

Agosti ni kusi, na mchanga haushiki vigingi. Kila mguu wa hema ufungie madumu mawili ya lita 20, yajae maji, yaani kilo 40. Mapazia upande wa upepo yaache, hugeuka tanga.

Maputo? Hupasuka juani kabla bibi harusi hajatoka. Pesa hiyo nunua asmini alasiri zikiwa bado vitumba, uzifunike kwa kitambaa kibichi; ndani ya plastiki huvuja jasho na kugeuka kahawia. Jioni zitafunguka zenyewe.

Uliza kama bei ina usafiri wa kuvuka feri na kufunga hema. Vikifika, hesabu mbele ya dereva, piga picha kila kilichopasuka, ama utakatwa kwenye amana.