Kupe masikioni mwa ndama
Ndugu yangu wa Micheweni, uliyeuliza kama inafaa kumtia ndama mafuta ya taa masikioni ili kupe waachie, nakusihi usifanye hivyo, kwani mafuta humuunguza ndama na humchokoza kupe akatapika mate yake kidondani. Mkamate kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila ya kumzungusha, kisha umtumbukize kwenye spiriti. Kumpasua kwa kucha, kama tufanyavyo wengi, ni uchafu mtupu. Kupe wa kahawia apendaye masikio ndiye aletaye ndigana kali, ugonjwa wa homa unaoua ng'ombe, na kwa kawaida huambukiza baada ya kunyonya siku kadhaa, kwa hiyo mpapase ndama sikioni kila jioni. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe usimpake paka, yaweza kumuua.