Fundi alinizimia kelele, hakunitengenezea sensa

Jumamosi asubuhi nikiwa jikoni nakaanga maandazi, ukaingia ujumbe wa msomaji. Nauweka kama ulivyo: "Dada, za asubuhi. Gari yangu nikiweka rivasi inapiga piiii moja ndefu kama sekunde tatu halafu kimya, hata nikisogelea ukuta. Fundi anasema boksi la sensa limekufa, anataka laki tatu na nusu. Nimpe?"

Sensa ni vile vidude vya duara kwenye bampa vinavyopima umekikaribia kitu kiasi gani ukirudi nyuma; boksi ndilo linaloziongoza. Maandazi yaliungua. Nilimjibu kwa herufi kubwa: USIMPE. Halafu nikaona aibu kidogo, maana nani kaniuliza nipige kelele? Lakini huyu kaka hajui kidonda alichokigusa. Piiii hiyohiyo, na maneno hayohayo ya boksi, mimi niliyasikia mwaka juzi, nikatoa laki mbili na themanini taslimu bila kuuliza swali hata moja.

Gari yangu ni ya mkononi kutoka Japani, kama zenu nyingi. Ilikuja na sensa nne kwenye bampa la nyuma, na mimi nilizipenda kuliko redio. Mwanamke ukiendesha Dar, kila unaporudi nyuma anatokea mwanaume asiyekujua anakupigia mikono: kata kata kata, njoo njoo. Sensa zilinitoa kwenye utumwa huo. Masika yale nilipita kwenye maji pale Jangwani, maji yaliyofika karibu na usawa wa bampa (najua, najua, kila mtu ameshanisema), na wiki chache baadaye ikaanza piiii.

Fundi niliyempelekea hakuinama. Nataka mlishike hilo. Aliingia ndani, akaweka rivasi, akasikia mlio, akatoka anafuta mikono ambayo haikuwa imeshika kitu. "Dada, hii kontroli boksi imekufa." Nikamwachia gari siku nzima. Jioni ananikabidhi funguo: "Tayari dada, haipigi tena kelele."

Haipigi tena kelele. Nilifurahi! Hebu fikiria, nililipa mtu kwa kunipa kimya.

Miezi miwili baadaye tukaenda Tanga ukweni. Safari siisimulii. Tulifika saa kumi na moja jioni, watu wamejaa uani, na wana wa Mama walikuwa wamemjengea geti jipya, nguzo mbili za zege na lipu bado mbichi kwa macho. Nikatakiwa niingize gari kinyumenyume ili tushushe magunia. Shemeji akaja nyuma kuniongoza. Nikashusha kioo nikamwambia, tena kwa sauti ya kusikika hadi barazani, "Niache shemeji, gari ina sensa."

Nikarudi taratibu. Kimya. Nikajua pako wazi. Kimya. Nikaongeza kidogo.

Kishindo kile bado nakisikia. Taa ya kulia ikamwagika chini, bampa likaingia ndani, na lipu ya nguzo ikabanduka kipande cha ukubwa wa sahani. Wifi yangu akauliza, "Wifi, sensa imeenda likizo?" na uani pote pakachekwa. Shemeji hakucheka. Alisimama tu na mikono yake nyuma, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mama akaja akanishika bega, "Pole mwanangu, hukuumia?" Ile nguzo ilipigwa lipu upya lakini rangi haikufanana, kila nikienda naiona.

Aliyeniponya ni kijana wa Tabata, fundi umeme aliyetoka chuo cha ufundi, VETA, hata mwaka haujaisha. Gereji yake ni mwembe na meza. Bampa lilikuwa limeshanyooshwa, nikamwambia kila kitu kimetengenezwa ila sensa hazilii kabisa. Akasema, "Zima injini dada. Vuta handibreki, weka jiwe nyuma ya tairi, halafu washa swichi tu uweke rivasi." Kisha akapiga magoti kwenye vumbi, akaweka sikio kwenye bampa kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Akahama sensa moja hadi nyingine. Aliporudi alisema maneno ambayo siku hizi nayatumia mimi: "Tatu zinapumua. Hii ya pili kutoka kulia haipumui."

Nikapiga magoti na mimi, na gauni langu. Na kweli. Ukikaribia kabisa unasikia tiki-tiki-tiki laini, kama saa ya mkononi, na ukiweka ncha ya kidole juu ya sensa unahisi inakunong'oneza. Ile moja aliyoitaja ilikuwa plastiki tu.

Kijana akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi, kwa sababu ukishajua kitu kinavyofanya kazi hudanganyiki kirahisi. Sensa inafanya anachofanya popo. Inatuma sauti, inasubiri mwangwi, inapima umepita muda gani. Sauti yenyewe huisikii: masikio yetu yanakomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na hizi nyingi zinapiga 40,000 na zaidi. Tiki unayoisikia ni mshtuko wa sensa kuwaka na kuzima. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio mita 1 nyuma yako, kwenda na kurudi, ni kama 6/1000 ya sekunde. Boksi linapiga hesabu hiyo tena na tena wakati wewe unaangalia kioo. Na si teknolojia ya jana: Toyota waliziweka kwenye Corona mwaka 1982. Corona, hizi hizi tulizopanda kama teksi!

Sasa, katika mifumo mingi sensa moja ikifa, boksi linapiga mlio mmoja mrefu kukuambia "siko sawa", kisha linanyamaza, halikuonyi tena, hata kama sensa nyingine bado zinapumua. Ile piiii ilikuwa ripoti. Boksi lililokufa litaandikaje ripoti? Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye jiwe.

Kijana akafungua ubavu wa ndani wa buti. Boksi jipya lilikuwepo, linang'aa. Pembeni yake kulikuwa na baza, kile kipaza mlio kidogo cha mviringo, na waya wake mmoja ulikuwa umekatwa kwa koleo na kufungwa tepu nyeusi. Imefungwa vizuri, kwa utulivu, mizunguko minne au mitano. Yule fundi wa kwanza aliniuzia boksi, mlio ukaendelea, akaona dawa ni kuukata. Nimesamehe mambo mengi maishani. Ile tepu ninayo, iko kwenye droo.

Baada ya hapo kazi haikuchukua saa moja. Alibadilishana sensa: mbovu akaiweka kwenye nafasi ya jirani, nzima akaileta kwenye nafasi iliyokuwa kimya. Kama ubovu ungehama na sensa, basi sensa ndiyo mbaya, unatafuta nyingine. Haukuhama. Nafasi ileile ikabaki kimya hata na sensa nzima, kumbe shida iko kwenye waya. Akaifuata plagi nyuma ya bampa, akaichomoa, akanionyesha kwa tochi ya simu: pini tatu, mbili zinang'aa, ya tatu imevaa kutu ya kijani kama unga wa mlonge, na ile raba ya kuzuia maji haipo. Maji ya Jangwani yalikuwa yamekaa humo miezi yote hiyo. Mswaki wa zamani, spiriti, akakausha, pini akaibadilisha, raba mpya, waya wa baza akauunga. Nikaweka rivasi, akapita nyuma ya gari: pi, pi, pi-pi-pi. Elfu kumi na tano. Nilimpa ishirini na soda.

Basi ndugu zangu, na hasa dada zangu, kwa sababu sisi ndio tunaoambiwa "boksi limekufa" kabla boneti halijafunguliwa: sikiliza kwanza. Sote tunajinyima ili gari ikae vizuri, hela ya kumpa mtu asiyeinama hatuna. Futa sensa kwa kitambaa chenye maji, tope tu linatosha kuzitia wazimu. Halafu sikiliza. Kama sensa zako zilifungwa hapa mjini, nyingi zinachukua umeme kwenye taa ya rivasi, kwa hiyo angalia fyuzi na kama taa hiyo inawaka, kisha sikiliza. Kama bampa lilipigwa rangi karibuni na sensa zikiwemo, huenda zimevaa koti; rangi nene inauzuia ule uso mdogo usitetemeke. Sikiliza hizo pia. Ukienda Shaurimoyo kutafuta spea, chomoa ile mbovu uende nayo mkononi, namba iliyo mgongoni ifanane. "Hii inaingia tu dada" si namba. Na wale wa kuosha magari waambie wasiiweke ile bomba ya presha puani mwa sensa.

Na hata zikiwa nzima, geuza shingo. Nguzo nyembamba ya kamba ya nguo zinaweza kuikosa, na kitu kilicho karibu sana nacho hazikioni vizuri, kwa sababu sensa lazima kwanza itulie kutetemeka ndipo isikie. Ila zaidi ya yote kiogope kimya. Siku hizi kabla sijarudi popote napitisha mtu au ndoo nyuma ya gari kwanza, nisikie pi. Nisiposikia, namwita shemeji. Ndiyo, nimejifunza kumwita, na yeye anakuja na mikono yake nyuma vilevile.

Yule kaka wa Jumamosi amenijibu jana usiku. Hakuandika, ametuma sauti ya sekunde kumi na nne, kashikilia simu kwenye bampa akihama taratibu. Tiki-tiki-tiki. Tiki-tiki-tiki. Kisha upepo na mbwa wa jirani tu. Kisha tiki-tiki-tiki. "Dada umesikia? Ya tatu." Nimesikia. Nimemwambia abadilishane na ya nne, kisha anitumie tena.