Kuingia Malawi kwa gari lako: shika njia ya ziwani, usikimbilie Lilongwe

Mkuu, umesema una Toyota IST, gari dogo la chini, mnatokea Mbeya na familia, na swali lako ni kama mtaweza kulala Lilongwe siku hiyo hiyo. Mkiamka alfajiri na forodha wasiwacheleweshe, mtaweza. Lakini nakusihi usiende hivyo. Mimi nimeipita njia hiyo kwa haraka nikiwa na shughuli, kisha nikarudi bila haraka yoyote, na ile safari ya pili ndiyo ninayoipenda hadi leo.

Mambo ya mpakani nitayasema kwa kifupi. Kasumulu mtahitaji pasipoti, kadi ya gari, bima ya COMESA (ile kadi ya njano ya kuvukia mpaka, ikatie hukuhuku Mbeya) na kibali cha muda cha kuingiza gari, ambacho hutolewa upande wa pili, Songwe. Kama gari si la jina lako, beba barua ya mwenyewe yenye muhuri wa wakili. Jaza tangi kabla ya kuvuka, na ukishaingia jaza kila unapokuta mafuta hata kama bado unayo nusu, maana wenzetu kuna nyakati foleni za petroli huwatesa sana.

Kutoka Songwe hadi Karonga ni kama kilomita 50, na Kiswahili bado kinasikika. Hapo usipite tu. Karonga ndiko alikokuwa na ngome yake Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mmoja wa wale walioitwa Waarabu na Waswahili wa ziwani. Vita vyake na kampuni ya Waingereza vilianza 1887, na mwaka 1895 wakamkamata na kumnyonga papo hapo Karonga. Sisi shuleni tulisomeshwa Kilwa, Bagamoyo na Zanzibar, ila huku walikotolewa watu tulikugusa juu juu. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kwenda polepole. Hii si nchi ngeni kwetu kama tunavyodhani.

Mkifika Chitimba kuna njia inayokata kulia kupanda Livingstonia, misheni ya zamani iliyoko juu mlimani. Inaitwa Gorodi: kona kali zipatazo 20, nyingi zina vibao vya namba, na kutoka ziwani mnapanda karibu mita 900. Nilipopita mimi ilikuwa mawe na changarawe, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hakuna kitu. IST usiipandishe. Iacheni chini kwenye nyumba ya wageni, mpande na matola, yaani pikapu za abiria. Kaeni upande wa ziwa. Kwenye kona za juu dereva husimama injini ipoe, na mnaliona Ziwa Nyasa lote limelala chini, na siku isiyo na ukungu milima ya Livingstone ya kwetu inaonekana ng'ambo. Watu wa pwani ile wanaliita Ziwa Malawi, msibishane nao.

Misheni yenyewe ilihamia huko juu 1894 ikiongozwa na Mskoti Robert Laws, baada ya malaria kuwamaliza wenzake kwenye vituo vyao vya awali ziwani, Cape Maclear na Bandawe. Nyumba yake ya mawe sasa ni makumbusho na pia wageni hulala. Lakini msikose maporomoko ya Manchewe, mwendo wa mguu tu kutoka hapo. Nyuma ya maji kuna pango. Kijana aliyenitembeza alinionyesha mahali ambapo wazee wanasema watu walijificha pale wawindaji wa watumwa walipopita. Pana ubaridi, maji yananguruma kiasi kwamba hamsikizani, na mwamba wote umeota kuvu. Nilikaa humo nikimfikiria Mlozi.

Kutoka hapo wengi hushika barabara kuu ya M1 kupitia Mzuzu. Nanyi piteni Mzuzu, ila teremkeni Nkhata Bay mshike barabara ya M5 inayofuata ziwa kwenda kusini. Magari ni machache, madaraja mengine ni ya gari moja moja, na watoto wanavuka hovyo, kwa hiyo mwendo wa 60 unatosha kabisa. Mkiingia kwenye mashamba ya mpira ya Vizara, vijana wamesimama pembeni na mipira waliyoitengeneza kwa utomvu wa miti hiyo hiyo. Wanunulie wanao. Inadunda kupita kiasi, wangu waliitupa ndani ya gari hadi nikawatisha. Chakula ni samaki: chambo (jamii ya perege) wa kuchoma, kampango, na usipa ambao ni dagaa wetu wa Kyela, kwa ugali wa muhogo wanaouita kondowole.

Laleni Nkhotakota. Mzanzibari Salim bin Abdallah alifika hapo miaka ya 1840 akajiita Jumbe, na majahazi yake yakawa yakivusha watu kuja upande wetu, kisha kwa miguu hadi Kilwa. Mji una Waislamu wengi mpaka leo. Jioni mzee mmoja msikitini alipojua ninatoka Tanzania alinishika mkono muda mrefu, akaniuliza habari za Kilwa kama mtu anayeulizia ndugu.

Kutoka hapo hadi Salima ni lami, na Salima ndipo mnapokata kulia kwenda Lilongwe. Nendeni kati ya Mei na Agosti, mvua zikiwa zimekatika. Masika M5 huwa inakatwa na mito. Ukitaka majina ya sehemu za kulala zenye maegesho salama, niandikie kwa ujumbe wa faragha.