Mama anahitaji bingwa wa macho, lakini naona haya kuomba rufaa

SWALI: Daktari, mamangu, mkaazi wa Faza, ana kisukari cha miaka mingi, na siku hizi huona vidoa vyeusi vikielea machoni. Zahanati walituambia ni uzee. Nachelea kumwomba tabibu barua ya rufaa, asije akadhani namdharau. Nifanyeje?
Binti wa Faza, Lamu

JIBU: Binti yangu, iombe barua hiyo wiki hii. Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, pasipo maumivu, na vidoa vinavyoelea huenda vikawa dalili ya damu kuvuja ndani ya jicho, jambo linalohitaji bingwa ampanue mboni kwa dawa na kumchunguza kwa makini. Mwambie tabibu kwa adabu: “Naomba mama aonwe na bingwa wa macho, ukiona hakuna haja, tafadhali niandikie sababu.” Hapo hujamvunjia heshima hata kidogo.

Barua itaje ugonjwa, dawa anazotumia na vipimo vya karibuni vya sukari na presha. Nawe ubaki na nakala. Kuvuka bahari kutoka kisiwani hadi Mokowe, gati ya bara, kisha kushika barabara ya Mombasa, kunamchosha mno mzee, kwa hivyo piga simu kwanza uhakikishe bingwa yupo, na kwamba usajili wa mama katika SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, umekamilika.

Akipoteza kuona ghafla, usingoje barua: mpeleke hospitali mara moja, kwani Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.